Kimbunga kimetangazwa na nyie bado mko ofisini: namna ya kuondoka Mtwara bila kuchanganyikiwa

Tarehe 24 Aprili 2019, Jumatano, saa nne asubuhi hivi, mi nilikua ofisini Shangani, hapa Mtwara karibu na bahari, nakagua makaratasi ya kontena, na nyuma yangu dada wa keshia anahesabu hela zilezile kwa mara ya nne. Anafika laki tatu na arobaini, simu inalia, anachungulia grupu, anasahau alikofika, anaanza upya. Hakuna aliyefanya kazi siku ile ila wote tulikua tumekalia viti vyetu, mana bosi kasema "tusubiri kwanza tuone", na hayo maneno yalitutesa kuliko kimbunga chenyewe.

Kimbunga kilikua Kenneth. Usiku wa siku hiyohiyo kikapita Ngazija huko Komoro, kesho yake jioni kikatua Cabo Delgado upande wa Msumbiji, yani hapo ng'ambo tu ya Ruvuma. Mtwara tukaponea. Wiki moja baadae kila mtu anacheka, "mlikimbia jua", na mpaka leo ukitaja kimbunga kwenye ofisi yoyote ya huku lazima atokee mmoja aseme kama kile cha 2019?

Sa mi naandika hii kwa ajili ya ofisi ndogo ndogo, watu watano mpaka ishirini, zile ambazo hazina mtu wa usalama kazini wala king'ora wala nini, kuna bosi, keshia, dereva, mama wa usafi na mlinzi. Nilichojifunza ni kwamba mwenzako akiwa na mchecheto usihangaike kumpa maneno matamu, mpe ruhusa, mpe hela yake mkononi na mwonyeshe gari la kumtoa, atatulia mwenyewe bila kuombewa dua.

Kwanza: mjue mnakimbia nini

Watu wengi wakisikia kimbunga wanawaza upepo tu. Upepo upo, kwa vipimo vya bahari yetu hii kikianza kuitwa kimbunga kamili upepo wake umefika kilomita 118 kwa saa, hapo bati lililopigwa misumari kimazoea linaondoka kama karatasi. Lakini maji ndo yanaua zaidi, na maji yako ya aina mbili. Kuna bahari yenyewe kusukumwa na upepo ikapanda nchi kavu, na kuna mvua ambayo inaeza kuja hata siku tatu baada ya watu kusema yameisha. Pemba ya Msumbiji ndo walifanyiwa hivyo na Kenneth, upepo ulishapita Alhamisi, mafuriko mabaya yakawakuta Jumapili.

Kitu ambacho sikukijua 2019: huku kusini mwa ikweta kimbunga kinazunguka kufuata mshale wa saa. Maana yake kikija kutoka baharini kuelekea magharibi, sehemu zilizo kusini ya kitovu ndo zinapigwa na upepo unaotoka baharini kuja nchi kavu, na walio kaskazini ya kitovu wanapata upepo wa kutoka bara. Kenneth alitua kusini yetu, kwahiyo bahari haikusukumwa kuja Shangani, na pia ilikua maji mafu, yani siku ambazo bahari haipandi sana, mwezi unaelekea robo ya mwisho. Kwahiyo tulipona kwa vitu viwili ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliviomba. Kikitua Lindi au Kilwa, kaskazini yetu, siku ya bamvua, yani maji yakijaa kuliko siku zote, hadithi ni nyingine kabisa, bamvua peke yake bila kimbunga maji ya huku yanapanda zaidi ya mita tatu, waulize wavuvi wa Mikindani. Ndo mana mtu akiniambia "2019 hakikuja kitu" namuuliza kilipita upande gani na mwezi wa angani ulikua wa siku ngapi, ananyamaza.

Na sio kwamba hatujawahi kupigwa. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, ukibahatika kukaa na wazee wenyewe wa pale utasikia walichosimuliwa. Jobo mwaka 2021 alitutisha akafifia kabla ya kufika. Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024 akafika kweli upande wa Mafia, na Kilwa ikapata mafuriko, barabara ya Dar ikakatika, huku Mtwara tukakaa siku kadhaa tunasubiri magari ya mizigo yasiyokuja. Alafu angalia tarehe, msimu wanasema Novemba mpaka Aprili, Hidaya kaja Mei. Usiweke akili likizo eti kwa sababu mwezi umegeuka.

Pili: amueni kwa rangi, sio kwa moyo wa bosi

TMA, yani Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa taarifa kwa rangi. Njano ni angalizo, ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Hapa ndo pa kukaa na bosi SIKU YA AMANI, hakuna wingu, mmekunywa chai, mkakubaliana na kuandika: ikitoka njano ya kimbunga tunafanya hivi, ikitoka ya chungwa ofisi inafungwa na watu wanalipwa na wanaondoka, nyekundu haitukuti hapa. Ibandikwe ukutani karibu na kalenda. Bosi akisaini siku ya amani hatakuja kuwaambia tusubiri tuone, na yeye mwenyewe anapumua mana hatalaumiwa na mwenye mali, karatasi ndo imeamua.

Mkitaka kukadiria muda, vimbunga vingi vinatembea kilomita 15 mpaka 25 kwa saa. Wakisema kiko kilomita 400 mashariki ya pwani gawanyeni, mna saa 16 mpaka 26 hivi, lakini mvua na upepo wa nje vinatangulia kitovu kwa masaa mengi, kwahiyo toeni nusu. Kenneth alipewa jina tarehe 23 na tarehe 25 kashatua. Siku mbili. Siku mbili kwa ofisi inayochukua wiki kuamua rangi ya pazia!

Tatu: kikao cha kusimama

Ikitoka njano tu, wote simameni, msikae, mkikaa mtaongea mpaka adhuhuri. Dakika kumi na tano. Kila mtu ajibu vitu vitatu na mmoja aandike kwenye daftari: unalala wapi, nani wanakutegemea, na ukiambiwa ondoka sasa hivi utaenda kwa nani.

Sa hapa kuna jambo. Watu wanadanganya. Sio kwa ubaya, kwa aibu. Mtu anasema "mi niko sawa" kumbe anakaa kibanda cha makuti karibu na maji na mama yake hatembei. Sisi tulikua na kaka mmoja wa stoo, mcheshi balaa, siku ile kazi yake ilikua kutania watu tu, anamwambia mtani wake wa Kimwera wewe utapeperushwa mpaka Nachingwea tukuokote kwenye mkorosho, watu wanacheka kweli na mi nacheka, kumbe mwenzetu anakaa Msangamkuu na mke ana mimba ya miezi minane. Tulijua saa kumi jioni. Kwahiyo anayeandika daftari asiulize mbele za watu kama anaona mtu anakwepa, amfuate pembeni, "kaka, nyumbani kukoje?" Anayetania kuliko wote ndo wa kumfuata kwanza.

Mkishaandika pangeni nani anatangulia. Anayekaa Msangamkuu, ng'ambo ya maji, anaondoka kabla ya wote, mana kivuko kinaeza kusimama bahari ikianza kuchafuka na kuzunguka kwa barabara ni safari nyingine. Wanaofuata ni wenye wajawazito, watoto wachanga, wazee, wagonjwa, na wanaokaa nyumba za udongo au za mabondeni. Mwenye nyumba ya tofali huko juu na ana gari yake ndo wa mwisho, hata kama ndo bosi, hasa kama ndo bosi.

Nne: hela, mapema, taslimu

Hii hatua mi naipenda kuliko zote mana hakuna anayeiwaza. Siku ya 2019 keshia alipopewa ruhusa ya kutulipa advansi ilikua saa tisa alasiri, akaturushia kwenye simu. Nikaenda kwa wakala wa kwanza, hana floti. Wa pili kafunga. Wa tatu foleni imekata barabara na yeye anatoa mwisho elfu ishirini kwa mtu. ATM nako watu wamejaa mpaka nje na mashine moja imekufa. Una laki na nusu kwenye simu na huwezi kununua mkate.

Kwahiyo: siku ya njano keshia aende benki asubuhi, atoe hela za advansi kwa noti ndogo ndogo, elfu mbili, elfu tano, kila mtu asaini achukue. Tarehe 20 na kitu mishahara yenyewe inakaribia, mnaogopa nini? Mtu mwenye hela ya nauli mfukoni utaona mabega yanashuka palepale, mi nimeliona hilo kwa macho yangu kwa yule dada wa keshia, alipoziweka kwenye sidiria akacheka mara ya kwanza toka asubuhi.

Tano: gari, na familia ya dereva

Tulikua na Noah ya ofisi na dereva mzuri, mpole, miaka sita kazini. Mpango ulikua abebe watu kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza kapeleka, ya pili hakurudi, simu haipatikani, watu watano wako getini na mabegi wanamtukana ukoo mzima. Alienda kuchukua mke na watoto Magomeni. Na nyie mngefanya nini? Mi nilimlaani siku ile, leo namwelewa, kosa lilikua letu kwamba hakuna aliyemuuliza.

Familia ya dereva inapanda KWANZA. Andikeni hivyohivyo. Akishajua watoto wake wako salama atazunguka usiku kucha kwa ajili yenu.

Mafuta jazeni siku ya njano, ukingoja ya chungwa foleni ya sheli utaisoma mpaka mwisho. Kama hamna gari ongeeni na mwenye haisi mapema na mpe kishika uchumba, nauli siku hiyo zinapanda bila haya. Bajaji na boda ni za kuhama mapema tu, upepo ukishaanza kusukuma mtu msipande, bajaji ikipigwa upepo wa ubavuni inalala.

Sita: mnaenda wapi

Sio lazima Masasi! Watu wanakimbizana kwenda Masasi kilomita mia mbili na kitu, wanakwama njiani usiku na watoto, wakati uwanja wetu wa ndege hapo hapo Mtwara uko zaidi ya mita 100 juu ya bahari. Kwa ajili ya maji mnahitaji tu kutoka Shangani na mabondeni mkapanda juu, upande wa Naliendele mmeshayakwepa. Kwa ajili ya upepo mnahitaji nyumba ya tofali, paa imara, chumba cha ndani kisicho na madirisha makubwa, mbali na minazi na miembe. Kama mtu ana ndugu Newala au Masasi na anaondoka siku moja kabla na mchana, aende, atapumzika vizuri. Lakini akichelewa asiingie barabarani, atafute jengo imara hapo hapo au sehemu ambayo mkoa umetangaza, mwaka ule walisimamisha shule na shughuli na kuwaambia watu waende sehemu za usalama, kwahiyo sikilizeni redio ya mkoani. Redio ya betri, mana umeme utaondoka mapema.

Begi la kila mtu: maji, angalau lita nne kwa mtu kwa siku, siku tatu. Dawa za kila siku za wiki mbili, presha, sukari, za kufubaza, na usimuulize mtu ni za nini. Vidonge vya kutibu maji, baada ya mafuriko kipindupindu hakichelewi, Msumbiji walikipata 2019. Tochi, pawabanki, vitambulisho na kadi za bima kwenye mfuko wa nailoni. Chakula kisichohitaji moto, na hapa Kusini tusijifanye wanyonge, korosho zipo, karanga zipo, ming'oko, vile viazi vya porini vya huku, ukiichemsha asubuhi inakufikisha kesho.

Saba: ofisi yenyewe (saa moja, isizidi)

Msichukue masaa manne kuokoa viti. Sisi tulipoteza muda mrefu kubishana kuhusu friji.

Kopi ya data zote kwenye hadidiski mbili, zibebwe na watu wawili tofauti wanaoenda sehemu tofauti. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, iwekwe kwenye nailoni aondoke nayo keshia, hiyo mkiipoteza maelezo yake hayaishi. Mihuri, leseni, hati za wateja, daftari la cheki. Kompyuta zitolewe chini na mbali na dirisha, zifunikwe turubai. Mafaili ya shelfu ya chini yapande juu. Zimeni mein suichi, fungeni mtungi wa gesi wa jikoni. Vitu vya nje vinavyoeza kuruka, ngazi, mabango, ndoo, madebe ya maua ya mama, vyote ndani, debe la maua kwenye upepo wa kilomita 150 ni jiwe la manati. Basi. Fungeni.

Kuhusu grupu la WhatsApp

Siku ile kwenye grupu letu zilipita picha za kimbunga cha Marekani, magari yanaelea, maandishi ya Kiingereza yanaonekana kabisa kwenye kibao cha barabarani, na mtu kaandika "HAPA NI MSIMBATI SASA HIVI". Ikaja voisi ya mtu asiyejitaja, "mi nimetoka kuongea na jamaa yangu yuko hali ya hewa, wanatuficha". Mama wa usafi aliisikiliza ile voisi akakaa chini sakafuni akaanza kulia jina la mwanae yuko Lindi shuleni.

Fanyeni hivi, chagueni mtu mmoja mtulivu, sio lazima mkubwa, ndo pekee anatuma taarifa za kimbunga, na anatuma taarifa ya TMA tu ikiwa na tarehe na saa yake, mana za jana zikifowadiwa leo zinachanganya vibaya mno. Wengine mnatuma kitu kimoja tu: "nimefika, niko sehemu fulani, niko na fulani". Anaweka tiki kwenye daftari. Mtu akianza kulia au mikono inatetemeka msimwambie acha uoga, mpe kazi ya mikono, akunje turubai, ahesabu madumu, na mwingine ampigie simu huyo mtoto wake. Mwanae wa Lindi alipopokea simu akauliza "mama unalia nini, sisi tunakula wali", yakaisha.

Mlinzi

Hili limekaa rohoni mwangu mpaka leo. Sote tulipoondoka, magari yamejaa, bosi akashusha kioo akamwambia mlinzi, mzee wa miaka sitini na kitu, "mzee, tunakuachia ofisi". Akajibu "sawa bosi, safari njema". Ana tochi, rungu na kopo la uji. Mita kama mia mbili kutoka baharini. Na hakuna, hata mimi, aliyesema huyu naye apande.

Ijumaa ilikua sikukuu ya Muungano kwahiyo tulirudi Jumatatu. Tukamkuta kapandisha mafaili yote ya chini juu ya meza, yale tuliyoyasahau kwa ajili ya ubishi wa friji, kayapanga kwa rangi. Swali lake la kwanza: "mama mjamzito alifika salama?"

Mlinzi awe kwenye daftari kama wengine, hata kama analipwa na kampuni nyingine, mpigieni msimamizi wake siku ya njano mkubaliane lindo linaisha saa ngapi, na akikataa kupokea simu mzee apande gari na kufuli zibaki zenyewe. Siku ya kimbunga mwizi naye yuko kwao kashika bati.

Mkirudi

Msirudi kwa kusikia kutulia. Kitovu kikipita juu yenu upepo unakata ghafla, jua linaeza hata kutoka, alafu nusu saa au saa moja baadae unarudi kutoka upande wa pili na nguvu zilezile. Subirini taarifa ya kuondoa tahadhari. Barabarani msivuke maji yanayotembea hata kama Fuso limepita. Nyaya zilizoanguka msiguse, msiwashe mein suichi kama maji yaliingia mpaka fundi aangalie soketi, piga picha uharibifu wote kabla ya kufagia mana bima watauliza. Dharura ni 112, zimamoto na uokoaji 114.

Na siku ya kwanza kazini msianze na kontena za nani. Fungueni daftari, mpitie majina mpaka tiki ziishe, na aliyekosa tiki atumwe mtu wa boda nyumbani kwake asubuhi hiyohiyo, simu yake inaeza kuwa imeisha chaji tu au inaeza kuwa sivyo.